Dada wa Régis

Kila Ijumaa saa nne asubuhi Cansilde alikwenda kucheka. Kazi ile haikuwa na jina lingine. Alifunika cherehani yake pale mtaani Nengo, akajipaka mafuta usoni, akachukua furushi la sare alizomaliza kushona, hata kama ni sweta moja tu iliyobadilishwa kola, akapanda hadi kwenye geti jeupe la shule ya kimataifa. Huko aliketi mbele ya meza ya Connie, sekretari, na kucheka kwa kila kitu Connie alichosema. Connie akisema mvua imezidi, Cansilde alicheka. Connie akisema mbwa wake anaharisha, Cansilde alicheka pia, halafu akashtuka na kusema pole. Akitoka nje mashavu yalimuuma, na mate ya kichefuchefu yalimjaa mdomoni. Aliyatema mferejini kabla ya kuvuka barabara.

Yote hayo kwa ajili ya nafasi moja. Mwanawe Belise, wa miaka sita, alikuwa kwenye orodha ya kusubiri darasa la kwanza. Miezi kumi na minne sasa. Alianza akiwa wa tisa, akapanda hadi wa nne, mara akafika wa pili na Cansilde akachinja kuku. Wiki iliyofuata akawa wa tano. Orodha gani hii inayotembea kinyumenyume? Aliuliza mara moja tu. Connie alimtazama juu ya miwani akasema, "Mama Belise, hapa tuna policy." Cansilde hakulijua neno lile. Alicheka.

Usidhani alikuwa mjinga. Alivuka mpaka kutoka Goma akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa Gisenyi, na shuleni alikuwa wa kwanza darasani miaka nenda miaka rudi. Alikuwa mwaka wa tatu wa sekondari wakati shule zilipogeuzwa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Wanafunzi walirudi kutoka likizo wakamkuta mwalimu wa bayolojia amesimama mbele yao na kamusi mkononi, jasho linamtiririka, na yeye mwenyewe hajui anachosoma. Cansilde, wa kwanza darasani, alianguka mtihani wa taifa. Hakuna aliyemwomba radhi. Akajifunza kushona.

Miaka ikapita, akaolewa, akawa fundi anayejulikana mji mzima. Hoteli moja kando ya ziwa ikampa kazi ya kushona nguo za wahudumu, na mkataba wa kurasa tatu kwa Kiingereza. Akasaini. Kumbe ukurasa wa pili ulisema kila nguo itakayochanika ndani ya mwaka mmoja ataishona upya bure! Wale wahudumu walichana nguo utadhani wanalipwa kuzichana. Mwaka mzima Cansilde alishona na kulia, na mwaka ulipokwisha aliapa kwamba mwanawe hatasaini kitu asichoweza kukisoma.

Kiapo hicho ndicho kilichompeleka kwenye geti jeupe. Mumewe, Donat, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali kule Kanama. Aliondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, viatu vimejaa udongo wa milimani.

"Cansilde, uniletee ule mutoto," alimwambia mwezi wa tisa, shule zilipofunguliwa. "Nitamuweka kwa banki ya mbele, akae karibu na ubao. Nitamuona na macho yangu."

"Kwako kuko batoto sabini ndani ya darasa moja!"

"Sabini na wawili," Donat alisema, akaendelea kuvua viatu. Usiku huo alikula akiangalia ukuta.

Belise akabaki nyumbani. Connie alikuwa ameshaonya: nafasi inaweza kutokea wakati wowote, na shule haipendi watoto wanaong'olewa katikati ya mwaka kutoka kwingine. Muhula wa kwanza ukaisha. Watoto wa jirani walirudi wakisoma vibao vya maduka kwa sauti, na Belise alikuwa chini ya meza ya cherehani akiokota pini kwa sumaku. Wakati mwingine aliuliza, "Mama, shule yangu itafunguliwa lini?" Cansilde alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie.

Kusubiri kunaozesha moyo, nakwambia. Mara moja kwa muhula shule iliwaalika wazazi walio kwenye orodha wanywe juisi na kutembezwa madarasani, na pale ndipo ungeona watu wazima walivyo wachafu. Walipigana mabusu, walisifiana watoto, na kila mmoja alikuwa akihesabu nani yuko mbele yake. Mama mmoja aliwaomba wenzake wa chumba cha sala wafunge siku tatu, ili familia moja ya wageni yenye mtoto pale ihamishiwe nchi nyingine. Aliomba hivyo bila haya, kikombe cha juisi mkononi. Cansilde alimwona mnyama. Halafu mwezi wa kumi na mbili akasikia kwamba mtoto mmoja wa darasa la kwanza amelazwa na malaria kali, hajitambui. Alikuwa anapiga pasi. Kitu cha kwanza kilichomjia kichwani, kabla ya huruma, kabla ya jina la Mungu, kilikuwa kiti. Kiti kitupu. Aliweka pasi chini, akaenda nyuma ya nyumba na kutapika chai yote ya asubuhi. Mtoto yule alipona. Cansilde alimshukuru Mungu, na bado aliona haya hata kusema Amina.

Basi, Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, simu ikalia. Connie hakuwa na desturi ya kupiga simu.

"Mama Belise, banange, uko na bahati! Mkurugenzi amesema mtoto wako aje Ijumaa amwone. Nafasi ipo."

"Nafasi? Ya Belise?"

"Kaa chini kwanza. Jina kamili la mtoto si Mwiza Belise? Mkurugenzi ameangalia orodha, ameona Mwiza. Akaniuliza, huyu si dada wa Mwiza Régis wa darasa la nne? Kwa nini dada anasubiri na kaka yuko ndani? Policy ni ndugu kwanza."

"Régis? Yule wa Rutagengwa mwenye malori?"

"Huyohuyo."

Kwetu mtoto akizaliwa hupewa jina lake, lake peke yake. Halitoki kwa baba, wala mtoto halishiriki na ndugu zake. Tumbo moja litoe watoto watano, watakuwa na majina matano. Rutagengwa ana watoto watatu na hakuna wawili wanaofanana jina. Kila Mnyarwanda ndani ya ofisi ile analijua hilo, kuanzia mhasibu mpaka mfagizi. Lakini mkurugenzi alikuwa Mzungu, alitoka kwao ambako jina moja ni familia moja, na miaka mitatu alipanga watoto namna hiyo, ndugu kwa ndugu, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumwambia. Wangemwambiaje? Kosa lile lilikuwa linawafaa wengi.

"Mi sikusema kitu," Connie aliendelea. "Na wewe usiseme kitu. Akishaingia ameingia, hakuna anayemtoa mtoto darasani."

"Lakini mkurugenzi ananijua. Anajua mi niko couturière, mi njo nashonaka sare zenu."

"Ndiyo vizuri. Utamleta kama fundi wa nguo wa akina Rutagengwa. Useme wazazi wamesafiri. Rutagengwa na mke wake hawakanyagi hapa, hata ripoti inachukuliwa na dereva. Na darasa la nne wameenda kutembelea msitu wa Nyungwe mpaka Jumatatu ijayo, Régis hayupo. Na ile nguo yangu ya mushanana ya harusi ya dada yangu, mama Belise, si utanishonea bure tu?"

"Nitakushonea," alisema Cansilde. Akacheka, ingawa Connie hakusema jambo la kuchekesha.

Jina Mwiza alilichagua Donat. Kabla ya Belise zilikuwa zimeharibika mimba mbili, na huyu alipotoka mzima, analia, Donat alimshika kwa mikono miwili akasema huyu ni mzuri, mwiza, ataitwa hivyohivyo. Cansilde alilikumbuka hilo jioni ile akikaanga viazi. Alilikumbuka vizuri, na hakubadili nia.

Siku nne alimfundisha mtoto. Donat akishaondoka tu, aliinama chini ya meza.

"Kaka yako ni nani?"

"Régis!"

"Na papa yako?"

"Papa Donat."

"Hapana, Belise. Ijumaa."

"Aaa. Papa Rutagengwa."

Mara ya kwanza aliposikia jina lile likitoka kwenye mdomo wa mwanawe, Cansilde alitazama mlangoni. Viatu vya zamani vya Donat vilikuwa pale vimeanikwa. Alihisi uchafu mikononi, akaenda kunawa, akarudi.

"Na mi ni nani?"

Belise aliangua kicheko. "We ni mama!"

"Ijumaa, mi ni nani?"

"Couturière."

"Muzuri sana." Alimpa biskuti. "Na ule muzungu anaweza kuuliza mara mbili, mara tatu, kusudi akujaribu. Usibadirishe. Na papa usimuambie kitu."

Mtoto aliupenda mchezo ule. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa alikuwa na masomo. Siku ya Jumatano alianza kujiongezea maswali mwenyewe, akimuuliza mwanasesere wake wa vitambaa. Alhamisi aliamka akiwa na majibu ambayo hakuna aliyemfundisha, na Cansilde akamsifu kwa akili.

Ijumaa walipanda mlima. Belise alivaa gauni la bluu ambalo mama yake alikuwa amelishona kwa vitambaa bora vilivyobaki kwa wateja. Mkurugenzi alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na mtu mwema, tuseme kweli. Alichuchumaa ili macho yake yalingane na ya mtoto. Wema wake ulimkera Cansilde zaidi ya kiburi cha Connie, maana ungemfanyia nini mtu aliyemchuchumalia mwanao?

Alimuuliza rangi kwa Kiingereza, Belise akazitaja. Akamwambia ahesabu, akahesabu mpaka arobaini na kutaka kuendelea. Alichora nyumba, akachora jua juu yake na ziwa chini. Cansilde, aliyesimama karibu na mlango na mkoba wake kifuani kama mtu aliyeletwa kubeba mzigo, alihisi moyo unataka kutoka kwa fahari. Mtoto huyu angeingia shule yoyote kwa akili yake tu! Kisha mkurugenzi akahamia Kifaransa, akauliza habari za nyumbani.

"Régis ni kaka mzuri?"

"Ndiyo, monsieur. Ananibeba."

"Na baba na mama wamesafiri?"

"Ndiyo. Papa Rutagengwa ana malori mengi. Tuko na mbwa watatu."

Mbwa wametoka wapi? Cansilde hakuwa amewafundisha hao mbwa. Mkurugenzi alitabasamu, akamwelekeza kidole.

"Na mama huyu aliyekuleta?"

"Huyu ni couturière wetu," alisema Belise. Jibu lilikuwa limekwisha, lakini hakukoma. Alitazama juu, akitafuta, akapata. "Anakaa nyumba ndogo, huko chini. Bwana yake ni mwalimu, lakini wa kijijini. Kila siku viatu vyake viko na udongo. Mama anawapatia nguo zetu za zamani. Tunawahurumia."

Mkurugenzi aliweka mkono kifuani, akasema mtoto huyu ana moyo mzuri. Connie alicheka nyuma ya meza. Na kicheko kingine kikasikika chumbani, chembamba, cha kupendeza watu, na Cansilde akatambua kwamba ni chake. Alikuwa anacheka. Mumewe ametukanwa na mtoto wake mwenyewe, kwa maneno aliyoyalipia biskuti, na yeye alikuwa mlangoni anacheka kicheko cha Ijumaa.

Akaushusha mkoba kutoka kifuani.

"Monsieur," alisema. Kifaransa chake cha mwaka wa tatu wa sekondari kilitoka kizima, hata yeye alishangaa. "Mtoto huyu ni wangu. Nilimzaa mimi. Bwana wa viatu vya udongo ndiye baba yake. Huyo Régis hatumjui. Huku kwetu jina si la familia, kila mtoto anapewa lake. Hawa wawili wanaitwa Mwiza, basi, wala hawajaonana."

Mkurugenzi alimgeukia Connie.

"Ni kweli, haya mambo ya majina?"

Connie alikuwa ameanza kupanga kalamu zake mezani, moja baada ya nyingine. Miaka mitatu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka mlango wa mtu huyu. "Kuna familia nyingine," alisema, "zinafanya hivyo."

Mkurugenzi alichuchumaa tena, safari hii polepole. "Belise, niangalie. Huyu ni mama yako?"

Belise alimtazama mama yake. Alimtazama kwa makini, uso umekunjamana, jinsi anavyotazama pini iliyoanguka kwenye ufa. Cansilde aliona mtoto anafikiri. Alitaka kumfanyia ishara, kichwa, jicho, kitu, akashindwa kujua ni ishara gani mtoto huyu angeiamini sasa.

"Hapana," alisema Belise. "Ni couturière."

Faili likaletwa. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza, miezi kumi na minne, na majina ya Cansilde na Donat yameandikwa kwa herufi kubwa ambazo hakuna aliyejisumbua kuzisoma. Mkurugenzi alisoma. Masikio yakamgeuka mekundu. Alisema kwa sauti yake ya chini kwamba anasikitika, kwamba jina la mtoto litaondolewa kwenye orodha zote, na kwamba shule hii imejengwa juu ya uaminifu.

"Juu ya uaminifu?" Cansilde alisema. "Na wale ndugu wengine uliowaingiza miaka mitatu, monsieur, vyeti vyao ulivisoma?"

Kalamu moja ya Connie ilidondoka chini na kubingirika. Hakuna aliyeiokota. Cansilde akamshika mtoto mkono wakatoka.

Nje Belise alijinasua. Alitembea upande wa pili wa barabara akilia kwa sauti, makamasi yanamfika mdomoni, na kila Cansilde alipomsogelea alisogea mbali zaidi. Wapita njia waligeuka kutazama. Mwanamke mmoja mwenye beseni la karoti alimwambia Cansilde, "Yoo, mama, mutoto amefanya nini?"

Walikwenda hivyo mpaka barabara kuu. Hapo mtoto alisimama, maana alikatazwa kuvuka peke yake.

"Rangi nilijua," alisema kwa kwikwi.

"Ulijua, mama wangu."

"Hesabu nilijua. Na ile ya mwisho nilijibu vile ulinifunza. Sikubadirisha. Ni wewe ulikosea!"

"Ndiyo. Ni mi nilikosea."

Aliinama, akamfuta uso kwa upindo wa kitenge chake, kwa nguvu, mpaka mashavu yakawa mekundu, kana kwamba maneno ya siku nne yamegandia hapo na yanaweza kutoka. Upande wa pili gari dogo la Kanama lilikuwa linapakia watu. Saa sita ilikuwa haijafika, Donat alikuwa bado darasani na watoto wake sabini na wawili. Cansilde alipunga mkono ili dereva asubiri.

"Tunaenda wapi?" aliuliza Belise.

"Shuleni. Kwa papa yako."

Mtoto alivuta makamasi, akamtazama mama yake tena kwa makini, asije akakosea mara ya pili.

"Papa gani?"